Ngwiko haikuwa ruhusa isiyo na mipaka

Wengi huamini kwamba, kabla ya wamisionari kufika, vijana wa Kikuyu nchini Kenya walihusiana kimapenzi bila kanuni yoyote, na mfano unaotajwa ni ngwiko, desturi iliyowaruhusu waliokwisha kutahiriwa kulala pamoja katika thingira, nyumba ya wanaume. Dhana hiyo inaeleweka, ila inaacha masharti yenyewe: msichana alibaki na vazi lake la ngozi, ncha zake zikipitishwa katikati ya miguu na kukazwa barabara; kujamiiana kulikatazwa; na aliyempa msichana mimba alitozwa faini ya mifugo, tena rika lake likamtenga, adhabu ambayo naiona nzito kuliko mbuzi. Anayetaka kuhakikisha na alinganishe maandishi ya miaka ya 1930 na kumbukumbu za wazee, wake kwa waume, akiuliza hasa mkosaji alitozwa nini.