Kizinda si kifuniko

Wengi wameaminishwa kwamba kizinda ni utando unaofunika uke wote, hupasuka siku ya kwanza, na lazima damu ionekane. Haya, kama njia imezibwa, hedhi ya msichana bikira hupitia wapi?

Kizinda ni ukingo mwembamba wa ngozi laini kwenye mlango wa uke, nao una uwazi. Kwa wengine huwa duara, kwa wengine umbo la mwezi mwandamo, na wapo wanaozaliwa nacho kidogo mno. Msichana akikaribia kuvunja ungo, homoni ya estrojeni hukifanya kinene na chenye kunyumbuka, ndiyo maana wengi hawatoki damu kabisa. Kilichoziba kweli kipo, ila ni nadra, na hilo ni suala la hospitali: binti haoni siku zake, tumbo humuuma kila mwezi, na tiba yake ni upasuaji mdogo.

Huku Pwani, kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha usiku wa ndoa, kimeamua heshima ya mabibi harusi wengi na ya mama zao. Kilipima nini hasa? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa wajawazito au waliowahi kupata mimba. Wawili tu walikutwa na dalili za wazi za kuingiliwa. Daktari na vifaa vyake hakuona, sembuse kungwi! Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe kila mahali, hata vile vinavyofanywa kliniki.