Je, wajua kwa nini mkulima wa Kanada alilazimika kuinunua ngano yake mwenyewe?

Hadi mwaka 2012, mkulima wa kilimo hai wa Saskatchewan, Kanada, hakuweza kumuuzia mwenye kinu ngano yake hivi hivi, ingawa aliilima bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya magugu. Ilibidi kwanza aiuze kwa Bodi ya Ngano ya Kanada, chombo kilichouza ngano ya wakulima kwa pamoja, kisha ainunue tena kutoka kwa Bodi hiyo hiyo, ndipo aruhusiwe kumpelekea mteja wake. Na kwa kawaida bei ya kuinunua ilikuwa juu kuliko fedha aliyopokea siku ile.

Wengi wakisikia habari hii hudhani serikali ilisomba ngano, ikaifungia kwenye maghala yake, halafu ikamrudishia mwenyewe kwa bei ya kulangua. Sivyo kabisa. Ngano haikusogea hata hatua moja. Ilibaki kwenye ghala la bati la mkulima, moja ya yale ya mviringo yanayosimama karibu na nyumba kwenye mashamba ya nyanda zile. Isingewezekana vinginevyo, kwa sababu mkaguzi wa kilimo hai hutaka kila mzigo ufuatiliwe hadi kwenye shamba ulikovunwa. Maghala marefu ya kando ya reli yalichanganya nafaka za wakulima wengi kwa kufuata daraja na kiwango cha protini. Ngano ya kilimo hai ikimwagwa humo mara moja tu, cheti chake kimekwisha.

Kilichosafiri ni karatasi. Sampuli ilipimwa daraja, kisha kampuni ya maghala iliyokuwa wakala wa Bodi ikaandika mauzo kana kwamba imepokea mzigo. Mauzo yakaingizwa kwenye kitabu cha kibali cha mkulima, yaani kitabu kilichoandikwa nafaka aliyoiuzia Bodi, na papo hapo ikaandikwa kwamba ameununua tena. Wakala naye alitoza ada yake.

Wala fedha ya tofauti haikuingia hazina ya serikali. Iliingia kapu la pamoja la wakulima wote waliouza kupitia Bodi, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Bodi ilianzishwa mwaka 1935, na mwanzoni mkulima alikuwa na hiari. Hiari hiyo ilikuwa na kasoro: soko likipanda juu ya bei ya Bodi, kila mtu anauza nje ya Bodi, likishuka, wote wanakimbilia Bodi na kuiachia hasara. Mwaka 1943, katikati ya vita, ngano iliwekwa chini ya Bodi kwa lazima. Amri hiyo iliwabana wakulima wa Manitoba, Saskatchewan, Alberta na kipande kidogo cha British Columbia.

Ukitaka kuuelewa utaratibu huu, fikiria chama cha ushirika cha maziwa chenye tangi moja. Kila mwanachama anamimina humo, analipwa kiasi cha awali, na mwisho wa msimu mapato yote yanagawanywa kwa lita. Mwanachama mmoja ana mteja wake mjini anayetaka maziwa ya ng'ombe wake tu. Chama kinamwambia: tuyaandike kwanza kwetu, tukulipe malipo ya awali, kisha uyanunue kwa bei ambayo sisi tungeyauza leo. Ndoo inabaki mkononi mwake muda wote. Mwisho wa msimu naye anapata mgao, kwa sababu kitabuni alimimina.

Sasa tuweke namba, za mfano tu. Malipo ya awali ni dola 150 kwa tani, na bei ya kununua tena ni dola 230. Mkulima anatoa dola 80 mfukoni kabla mteja hajamlipa hata senti. Msimu unafungwa tarehe 31 Julai, na miezi kadhaa baadaye hesabu za kapu zinaonyesha jumla ya dola 200 kwa tani, hivyo anapata 50 za nyongeza. Amepoteza dola 30 kwa kila tani. Soko likipanda ghafla pengo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu kapu hulipa wastani wa msimu mzima, na bei ya kununua hufuata soko la siku. Soko likishuka, pengo hupungua.

Hapo ndipo malalamiko ya wakulima wa kilimo hai yalipokuwa na nguvu. Mkulima huyu alimtafuta mteja mwenyewe, akalipia cheti mwenyewe, akabeba hatari ya magugu mwenyewe, halafu akachangia kapu ambalo halikumtafutia soko. Shamba lile lile lilitoa dengu na kitani katika mzunguko wa mazao, na hayo aliyauza kwa kupiga simu tu. Mkulima wa Ontario, aliyekuwa nje ya eneo la Bodi, alipewa leseni ya kusafirisha ngano nje ya nchi bila kununua chochote. Nadhani mtu yeyote angeuma meno.

Lakini kuwasamehe wa kilimo hai peke yao kulikuwa na ugumu wa kweli. Punje ya kilimo hai na ya kawaida hazitofautiani kwa macho, na Bodi iliogopa mlango ukifunguliwa kidogo kapu lote litavuja. Tena si wote walioichukia. Kampuni ya mbegu na dawa za magugu ya Monsanto ilipotaka kuleta ngano iliyobadilishwa vinasaba, Bodi ilikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa, kwa kuwa wanunuzi wa nje walikuwa wamesema hawaitaki. Mwaka 2004 kampuni iliuweka kando mpango huo. Kwa wakulima wa kilimo hai, ambao walikwisha kuona vinasaba vya aina hiyo vikiingia katika kanola, zao la mbegu za mafuta, huo ulikuwa msaada mkubwa. Katika kura iliyoendeshwa na Bodi yenyewe mwaka 2011, asilimia 62 ya waliopiga walitaka ibaki kwa upande wa ngano.

Serikali haikuifuata kura hiyo. Bunge lilipitisha sheria mwezi Desemba mwaka huo huo, na tarehe 1 Agosti 2012 ulazima ukaisha. Mkulima wa kilimo hai sasa anaandikiana mkataba na kinu moja kwa moja, bila kitabu cha kibali, na bila malipo ya awali yaliyokuwa yakidhaminiwa na serikali.