Mbu tunaowalea kwa maji ya sukari

Kila nikisema kwenye matatu kwamba kazi yangu ni mbu, swali ni lile lile, mbona basi hamjawamaliza? Leo niwape kituko, kuna mbu tunaotaka wazae sana.

Stori ilianzia Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walikuwa wanachunguza mbu aina ya Anopheles arabiensis, wakakuta baadhi yao wana kadude kadogo mno tumboni na kwenye vifuko vya mayai. Kanaitwa maikrosporidia MB, ni jamaa ya fangasi. Matokeo yakatoka 2020 kwenye jarida la Nature Communications na hapo ndo wengi wetu tukakaa wima, maana mbu wenye hako kadude hawakukutwa na malaria, na hata waliponyweshwa makusudi damu yenye vimelea, havikufikia ile hatua ya kumwambukiza mtu. Na mbu mwenyewe wala hadhuriki! Anaishi kama wenzake, anataga kama wenzake.

Utamu uko hapo. Ukipuliza sumu, anayepona ni yule sugu, anazaa sugu wenzake, miaka ikipita unajikuta unapuliza marashi tu. Alafu huyu arabiensis ni mjanja, anauma hata nje na damu ya ng'ombe anakunywa, kwa hiyo neti peke yake haimuwezi. Huyu fangasi yeye anasafiri na mbu wake, mama anarithisha watoto kupitia mayai, na utafiti wa 2021 ukaonyesha wanaambukizana pia wakipandana. Dume haumi mtu, kwa hiyo wazo mojawapo ni kulea madume wenye fangasi na kuwaachia wakatafute wachumba.

Kuwapata sasa, ndo kazi. Alfajiri unapiga hodi kwa watu, mama mwenye nyumba anakucheka, unaingia na tochi na mrija, unamfyonza mbu aliyeshiba ukutani polepole, unampuliza kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa neti, juu unaweka pamba yenye maji ya sukari. Maabara kila jike anatengwa kwenye kichupa chake atage, akishataga ndo anapimwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba, maana kumpima ni lazima umsage. Mama akiwa na fangasi unalea watoto, akiwa hana unamwaga. Wenye fangasi ni wachache, kuna siku unamaliza vichupa vyote hupati hata mmoja na unaenda kulala na hasira zako.

Na msitupe neti jamani. Namna gani hasa huyu fangasi anazuia vimelea bado inachunguzwa, labda anaamsha kinga ya mbu, labda anavinyima chakula, na kuwaachia mbu kijijini ni mjadala mwingine kabisa na wenye kijiji. Malaria iliua watu kama 597,000 mwaka 2023, wengi watoto wetu wa Afrika wa chini ya miaka 5.

Mzee mmoja nilimweleza haya yote kwenye benchi lake, akanyamaza wee, kisha akauliza, "Kwa hiyo daktari, mnataka kutuongezea mbu?"

Nikamwambia mzee, tukifaulu watakuuma tu ila hawatakuachia malaria.

"Na zile kelele za sikioni?"

Kelele zitabaki, mzee.

Akasonya.