Usimwage Maji, Sugua Pipa: Mbu wa Kiangazi Anazaliwa Nyumbani

Kila kaskazi ikishika na sisi maafisa wa afya ya umma wa Mombasa tukaanza kupita maboma ya Mwakirunge, Mtongwe, Shika Adabu na Jomvu Kuu kukagua vyombo vya maji, malalamiko huwa ni yaleyale. Mvua hakuna, ardhi imepasuka, majani ya mihogo yamejikunja, na huyu afisa na tochi yake anatafuta mbu! Mzee mmoja wa Mwakirunge alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chini ya mkorosho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe rudi masika. Saa hizi hata chura hana pa kunywa." Nikamwambia, "Mzee, niruhusu nifunue lile pipa la nyuma ya jiko, kisha nitakwenda zangu."

Pipa lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha bati, na juu ya bati pana jiwe. Kwa mbali ungesema ni kazi safi. Ila bati lilikuwa limepinda, na upande mmoja pana mwanya wa kupitisha kata bila kuinua kifuniko, jambo linalompunguzia kazi mtu mwenye haraka. Nilipomulika, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejazana karibu na uso wa maji, vichwa chini mikia juu. Kivuli cha mkono wangu kilipovipitia vikazama vyote kwa kujinyonganyonga. Vidole viwili juu ya maji, ubavuni mwa pipa, palikuwa na mstari wa nukta nyeusi, ndogo mno, zimegandamana na plastiki. Mzee alidhani ni uchafu wa maji ya kisima. Yalikuwa mayai.

Hapo ndipo elimu yenyewe ilipo, na naomba tusiipite haraka.

Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji ya mferejini yanatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Kaskazi ikikaza, mgao unakuwa wa siku mojamoja, na huku pembezoni mfereji wenyewe huwa ni hadithi. Kwa hiyo boma linaishi kwa akiba. Alfajiri kina mama na vijana wako kwenye foleni ya maji. Maji matamu ya mkokoteni ni ya kunywa na kupikia; ya kisima, yenye chumvichumvi, ni ya kufua, kuogea na kunyweshea mbuzi. Maji yaliyooshea mchele yanakwenda kwa kuku, na yaliyooshea vyombo yanamwagiwa miche ya mchicha jua likishatua. Katika hali hiyo hakuna mtu mwenye akili zake anayemaliza pipa akalipindua. Jioni maji yameshuka nusu, asubuhi mitungi inaletwa, anajazia juu ya yale ya jana. Kesho hivyohivyo, wiki nzima, mwezi mzima.

Mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hataki dimbwi la matope wala mtaro. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na watu. Hatagi juu ya maji. Anataga ubavuni, pale palipo na unyevu juu kidogo ya maji. Mayai yanakauka na kukaa hai kwa miezi. Siku utakapojazia, maji yanapanda, yanayafunika, nayo yanaanguliwa. Kwa joto letu, siku 7 hadi 10 zinatosha kumtoa mbu anayeruka. Kwa maneno mengine, kule kushuka na kupanda kwa maji ya pipa, ambako wakati wa ukame ni kwa kila siku, ndiko kunakomfaa. Na huyu mbu haendi mbali. Anayekuuma barazani saa mbili asubuhi amezaliwa kwako au kwa jirani yako.

Anayesema kiangazi hakina homa za mbu aikumbuke Lamu mwaka 2004. Mlipuko mkubwa wa chikungunya, homa anayoieneza huyu Aedes, ulitokea kule wakati wa ukame na joto kali, na wachunguzi waliufuatilia wakakuta vyombo vya akiba ya maji majumbani ndivyo vilivyochangia. Mwaka huohuo ugonjwa ukaingia Mombasa, kisha ukavuka bahari hadi Ngazija. Sisi wenyewe tulikuwa na dengi, homa nyingine ya mbu huyuhuyu, mwaka 2013, na chikungunya ikaturudia mwishoni mwa 2017 hadi 2018, watu wakitembea kwa kuinama kwa maumivu ya viungo. Tuseme basi hatukufunzwa?

Sasa nijibu ninayoambiwa milangoni, maana baadhi yake yanachosha.

"Tunalala ndani ya neti." Vizuri sana, na msiache, kwa sababu malaria ipo. Lakini Aedes anauma mchana, zaidi asubuhi jua likishachomoza na jioni kabla halijatua. Neti itamfaa mtoto mchanga anayelala mchana na mgonjwa aliye kitandani. Wewe unayekuna nazi uani haikufai.

"Maji yetu ni ya chumvi." Chumvi ya visima vya huku si ya kumzuia. Mkiweza kuyafulia nguo, naye anaweza kuzaa humo.

"Tumetia dawa ya maji." Kipimo cha klorini cha maji ya kunywa kinaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Viluwiluwi havifi kwa kipimo hicho. Na tafadhali msiongeze kipimo kwa kukisia ili kuviua, wala msitie mafuta ya taa, wala dawa ya kupe. Tumewahi kukuta dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya pipa la maji ya nyumbani, na aliyeitia alikuwa na nia njema kabisa. Dawa ya kuua viluwiluwi ipo, inatolewa kwa vipimo na wataalamu, na si kila maji inafaa kutiwa.

"Kaunti ije ipulize." Kupuliza kunaua mbu anayeruka siku ile. Yai lililogandamana ubavuni halina habari. Wiki ya pili mko palepale, na mnaotulaumu ni nyinyi nyinyi.

Kuna pia wanaosema maji yenye vidudu ni maji mazima, kwamba yangekuwa na sumu vingekufa. Hili sitalijadili.

Hatumwambii mtu amwage maji. Nalisema wazi kwa sababu kuna wanaoficha mapipa wakiona shati la afisa wakidhani tunakuja kupindua. Katika kiangazi hiki kumwaga maji mazuri ni dhambi. Tunachoomba ni kazi moja ya wiki, siku mtakayoichagua wenyewe na kuishika. Ikipita wiki mbili haina maana, kwa hesabu ya siku niliyoitaja. Ngojeni pipa lifike chini kabisa kabla ya kujazia. Mabaki yachujwe kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara mbili, yaingie ndoo nyingine. Leso ianikwe juani, vilivyonaswa vitakufa. Kisha chukueni kumbi la nazi na sabuni, msugue ubavu wa ndani kuanzia juu hadi chini, na zaidi pale maji yanapofikia kwa kawaida. Kusuuza tu hakutoshi, mayai yameganda. Maji machafu ya kusugulia myamwage kwenye mchanga mkavu ulio juani. Ndipo mjaze upya.

Mwenye mapipa mawili ana nafuu: atumie moja mpaka liishe, alisugue, ndipo aguse la pili. Kujaza yote mawili kila siku ndiko kunakoharibu.

Kifuniko kiwe kinabana pande zote. Kama bati limepinda, tandazeni leso juu ya mdomo wa pipa, mfunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ndipo muweke bati juu yake. Ndiyo, mtafungua na kufunga mara kumi kwa siku. Najua. Basi pipa moja dogo liwe la kutekwa kila saa na lisuguliwe mara kwa mara, na yale makubwa yasifunguliwe ovyo. Mtungi wenye kifuniko chake cha kuzungusha hauna tatizo. Tatizo ni ule uliokatwa shingo ukageuzwa ndoo. Matangi ya plastiki yawe na wavu kwenye mdomo wa hewa na bomba la kumwagia ziada, kwa sababu watu hufunga juu wakasahau kule pembeni. Sahani ya kuku na karai la mbuzi vibadilishwe maji na kusuguliwa. Hivi ni vidogo, watoto wanaweza kuvifanya wakirudi shule. Kwenye birika za kutawadhia na visima vilivyo wazi misikitini, wazee wa pwani zamani waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na walijua walichokuwa wakifanya.

Kuhusu homa, kwa ufupi: homa kali pamoja na maumivu ya mifupa, ya nyuma ya macho au ya viungo, nendeni mkapimwe kwanza. Dawa ya malaria kwa mtu asiye na malaria haimsaidii. Msinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa homa msiyoijua, kwa sababu dengi inaweza kumfanya mgonjwa atokwe na damu na dawa hizo huongeza hatari; parasetamoli kwa kipimo chake, na vinywaji kwa wingi, hata maji ya madafu. Homa ikishuka halafu mgonjwa akaanza kuumwa tumbo sana, kutapika bila kukoma, kutokwa damu puani au kwenye fizi, au kulegea, huyo hangoji kesho.

Sasa sheria, maana hapa ndipo panapoleta maneno.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria za Kenya, ina sehemu nzima, ya 12, inayohusu mbu peke yake. Inataka visima, mapipa, matangi na vyombo vyote vya kuweka maji vifunikwe au vikingwe ili mbu wasiingie. Inataka uwanja wa nyumba usiwe na makopo, chupa na vitu vingine vinavyoshika maji. Na jambo wasilolijua wengi: kukutwa na viluwiluwi kwenye maji ya nyumba yako ni kosa kwa kukutwa navyo tu. Si lazima awepo mgonjwa.

Hata hivyo hatuanzii mahakamani. Afisa akifika atajitambulisha na kuonyesha kitambulisho cha kazi. Una haki ya kukiomba kabla hujamfungulia. Atakagua mbele yako na kukuonyesha alichokikuta. Mara nyingi tunamalizana papo hapo, mnasugua tukiwapo. Kama kero ni kubwa, utapewa notisi ya maandishi inayotaja kero, mahali ilipo, kazi inayotakiwa na muda wa kuimaliza. Notisi anaandikiwa aliyesababisha kero. Asipopatikana, anayekaa hapo au mwenye mali. Ikiwa kasoro ni ya ujenzi wenyewe, kwa mfano kisima kisicho na mfuniko wa saruji au tangi la juu lisilo na wavu, au nyumba haina mtu, notisi inakwenda kwa mwenye nyumba, si mpangaji. Wapangaji, hili likumbukeni mnapoambiwa mlipe. Muda ukiisha afisa anarudi. Ukiwa umefanya, faili inafungwa. Ukiwa hujafanya na huna sababu, malalamiko yanapelekwa kwa hakimu, unaitwa, unasikilizwa. Mahakama inaweza kutoa amri na kukutoza faini pamoja na gharama. Anayekaidi amri faini yake inahesabiwa kwa siku. Idara pia inaweza kuifanya kazi yenyewe na kukudai gharama.

Katika hatua zote hizo hakuna mahali ambapo pesa inapokelewa mlangoni. Faini inalipwa kwa amri ya mahakama na ina risiti. Anayekuambia "tumalizane hapa" chukua jina lake, umpigie chifu au uje ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako. Tumekuwa tukisikia habari za watu wanaojipachika cheo chetu, na kila mmoja anayewapa anatuharibia kazi.

Kabla masika haijaingia, matairi ya uani na malundo ya vifuu yaondolewe au yawekwe chini ya paa. Vimekauka, ndiyo, ila mayai yamo, yanangoja manyunyu ya kwanza. Vifuu vingi vinafaa jikoni kama kuni. Tairi la mbembea ya watoto litobolewe upande wa chini.

Na kama kero haiko kwako, iko shamba la jirani ambalo mwenyewe yuko ng'ambo na kisima chake kiko wazi, usiingie mwenyewe kumwaga kitu. Njoo uandikishe: mtaa, alama ya karibu kama vile msikiti, shule au duka, na umekiona lini. Jina la mwenye shamba kama hulijui, lete la anayelilinda.