Boya limelala na wewe umelala: uongo kuhusu krapi ninaousikia kila wikiendi

Jumamosi iliyopita tena. Nimempakia mzee mmoja kwenye boti, mtu wa Uvira, amekulia ukingoni mwa Tanganyika, samaki anawajua tangu utoto, na tulivyofika tu Barren River Lake hapa Kentucky kuvua krapi, samaki wa maziwa ya huku Marekani, kitu cha kwanza alichofanya ni kusukuma stopa (kile kifundo kwenye uzi kinachoamua ndoano ishuke kina gani chini ya boya) mpaka jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, ikagusa matope. Namuuliza, mzee wangu vipi tena, ananijibu "mwanangu, samaki wa maana anakaa chini." Hiyo nimeisikia kwa Wakongo wa Bowling Green, kwa Watanzania wa Louisville, hata kwa Mmarekani jirani yangu, na kila nikiirekebisha stopa nikigeuka kidogo imerudi kulekule. Nimechoka. Naandika mara moja, mtu akinianza tena namtumia asome mwenyewe.

Krapi (wengine huku wanatamka kropi) hali akiangalia chini. Ukimtoa majini hebu mtazame vizuri, macho yamekaa juu kichwani na mdomo umeelekea juu. Huyu ni samaki wa kuvizia, anaelea katikati ya matawi ya mti uliozama, ametulia, anatazama juu, kisamaki kikikatiza juu yake anapanda anakibeba. Kinachopita chini ya tumbo lake mara nyingi hana habari nacho. Kwa hiyo jigi ikiwa futi moja juu ya kichwa chake atapanda, hata futi mbili maji yakiwa safi. Ikiwa futi moja chini yake, utakaa hapo mpaka giza liingie halafu uniambie ziwa halina samaki.

Chukua mfano. Maji yana kina cha futi 14, rundo la matawi limesimama toka chini mpaka futi 9 toka juu. Mimi stopa naanza nayo futi 7, nasubiri dakika chache, kimya, nateremsha nusu futi, nasubiri tena. Naanza juu nashuka. Yule anayeanza futi 13 jigi yake imeshawapita samaki wote na sasa imenasa kwenye tawi, anavuta, uzi unakatika, halafu ananyoosha mkono kwangu apewe jigi nyingine. Na kiangazi ndo usiseme, maziwa mengi ya huku joto likikaza maji yanajipanga matabaka, lile la chini linaishiwa oksijeni, kwa hiyo Julai ukishusha jigi mpaka chini kabisa unavua mahali samaki hawezi hata kupumua.

Na mjue hilo boya la kuteleza lipo kwa ajili hiyohiyo ya kina. Lile la kubana ukilifunga futi 10 juu ya ndoano na rodi yako ina futi 6, utarushaje? La kuteleza uzi unapita katikati yake, stopa inaingia ndani ya rili bila shida, unarusha vizuri, jigi inashuka yenyewe mpaka stopa igonge shanga iliyo juu ya boya, hapo inakaa. Yaani una chombo cha kupimia kina inchi kwa inchi mkononi, na unakitumia kama jiwe la nanga!

Sasa uongo wa pili, ambao ni mtoto wa huo wa kwanza. "Boya halijazama, bado hajala." Jamani. Kama samaki anakula akipanda, jigi inapanda naye, uzito unaondoka kwenye boya, na boya lililokuwa limesimama wima linalala ubavu. Limelala kwa sababu samaki anayo mdomoni! Mama mmoja mwezi wa nne boya lake lililala mara tatu mbele ya macho yangu, napiga kelele "inua mama, inua," ananiambia subiri lizame. Lilizama wapi? Krapi akishaona kile kitu si nyama anakitema.

Ila hapa tuwe makini, kuna kulala kwingine. Boya likilala tangu ulivyorusha, halikusimama kabisa, aidha jigi imefika chini kwa hiyo stopa yako imezidi kina, au jigi ni nyepesi mno haiwezi kuvuta uzi upite ndani ya boya. Ile ya 1/32 ya aunsi haifiki hata gramu moja, bana risasi ndogo ya kuongeza uzito kwenye uzi, futi moja na kitu juu yake. Ya 1/16 na boya dogo kwa kawaida inajiteremsha yenyewe. Sheria yangu kwenye boti: boya lililosimama kisha likalala, inua.

Tukiwa kwenye stopa, mikia ya kile kifundo msiikate ikawa vijiti. Acha kama nusu inchi kila upande, ikiwa mirefu inalala inapita laini kwenye vipete vya rodi, ikiwa mifupi inakuwa kama miiba na kila ukirusha inakwaruza. Na kifundo cha jigi kisogeze ining'inie mlalo, kisamaki kizima hakiogelei kikiwa kimesimama wima. Hiki kitu watu wa kwenye boti yangu wanakichukia kwa sababu nakikagua kila baada ya samaki, na nitaendelea kukikagua.

Eti ukiona ameshika vuta kwa nguvu. Vuta upate midomo. Ngozi ya mdomo wa krapi ni kama karatasi, unachana na samaki anaondoka. Inua rodi taratibu, zungusha rili bila kulegeza uzi, chukua neti. Mambo ya sangara yaacheni Mwanza.

Eti jigi itikiswe muda wote. Hapana, mawimbi yanalitikisa boya na boya linaitikisa jigi, kazi imeshafanywa. Gusa kidogo, tulia.

Eti bila visamaki hai hupati. Navua na jigi tupu mwaka mzima. Na rangi, watu wanakuja na maboksi ya rangi arobaini wakati stopa yao iko matopeni, maji yakiwa na tope weka njano ya kung'aa, yakiwa safi weka nyeupe au kijivu, tumemaliza.

Eti krapi ni wa masika tu, yaani spring ya huku. Masika ndo rahisi, maji yakifika nyuzi 60 na kitu za Farenhaiti wanasogea pembeni kutaga, hata mtoto anawapata kwenye futi tatu. Baadaye wanarudi kwenye kina, hawajahama nchi. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe, paundi 5 na aunsi 3, ilivuliwa bwawa la Enid kule Mississippi mwezi wa saba, 1957.

Eti aliyekolea weusi ndo krapi mweusi. Dume la krapi mweupe nalo linakuwa jeusi wakati wa kutaga. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni, mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8.

Na mwisho, huyu si sato wa Marekani. Hata ukoo si mmoja. Nyama yake ni laini na nyembamba, ukimpika kama sato kwa mchuzi wa kuchemka nusu saa anasambaratika unabaki na supu ya miiba. Toa minofu, chumvi, unga wa mahindi kidogo, mafuta ya moto kwelikweli, dakika mbili kila upande. Yule mzee wa Uvira alikula saba.