Je, wajua kwa nini bima ya kupunguzwa kazini haikusaidii ukiikata baada ya tetesi kuanza?

Nchini Uingereza mtu aliyeajiriwa anaweza kukata bima itakayomlipa fedha kila mwezi endapo mwajiri wake atampunguza kazini. Wengi huikumbuka jioni ya siku ambayo wakubwa wameitisha mkutano wa ghafla. Wanajaza fomu usiku uleule, ada ya kwanza inakatwa kwenye akaunti, na wanalala wakiamini wamejikinga. Barua ya kuachishwa inapofika miezi mitatu baadaye, wanapeleka dai na dai linakataliwa.

Kukataliwa huko kuna sababu, na sababu yenyewe ni ya msingi kuliko masharti ya kampuni moja au nyingine.

Bima huchukua ada ndogo za watu wengi ili kulipa hasara ya wachache. Mpango huo husimama kwa sharti moja tu: wakati wa kuchangia, pasiwe na anayejua ni nani atakayepatwa. Mwenye nyumba hajui kama moto utamzukia mwaka huu au hautamzukia kamwe. Mfanyakazi ni tofauti. Anaona oda zimepungua, kazi ya ziada imesitishwa, idara ya jirani imefungwa na walioacha kazi hawajajaziwa nafasi zao. Yeye anajua na kampuni ya bima haijui. Kama wote walioona dalili hizo wangeruhusiwa kujiunga papo hapo, huku wenye kazi za uhakika wakikaa pembeni, mfuko ungejaa watu wa kulipwa tu. Ada ingepanda, wachache wenye usalama waliobaki wangejitoa, na ada ingepanda tena mpaka pasiwe na wa kuimudu.

Kuna tatizo la pili ambalo bima ya moto au ya gari hailijui sana: watu hupunguzwa kazini kwa mafungu. Uchumi ukitikisika, maelfu hudai mwezi mmoja. Ndiyo maana Machi 2020, janga la Uviko-19 lilipoanza kufunga shughuli, kampuni kadhaa za Uingereza ziliacha kabisa kuwauzia wateja wapya bima hii.

Kwa hiyo kampuni hujilinda kwa kufuli mbili, na ni muhimu kuzielewa zote mbili, kwa sababu kuipita moja hakufungui nyingine.

Kufuli ya kwanza: ulijua nini, na lini

Fomu ya maombi huuliza, kwa maneno yanayotofautiana kidogo, kama unafahamu jambo lolote linaloweza kukufanya upoteze kazi. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na hapa swali zima ni wingu lipi linahesabika. Barua inayosema nafasi yako iko hatarini inahesabika bila ubishi. Tangazo kwamba idara yako itapangwa upya linahesabika karibu kila mahali. Tangazo kuhusu tawi jingine la mwajiri wako, au habari kwamba kampuni inanunuliwa, hutegemea maandishi ya mkataba: baadhi huuliza kuhusu nafasi yako wewe, mengine huuliza kama mwajiri ametangaza upunguzaji wowote ule. Minong'ono ya wakati wa chai, isiyo na tamko la mtu mwenye mamlaka, ndiyo eneo la mabishano.

Usijibu kwa kukisia. Ichukue hati ya masharti kabla ya kulipa, tafuta sentensi inayoeleza maana ya kujua, kisha uiulize kampuni kwa maandishi: "Mwajiri wangu alitangaza jambo hili tarehe hii, je, nikijiunga leo nina kinga?" Jibu la barua pepe utalihifadhi. Jibu la simu litakuwa neno lako dhidi ya lao, isipokuwa kama simu ilirekodiwa.

Wapo wanaodhani jambo hili halitajulikana. Litajulikana, kwa sababu fomu ya dai huwa na sehemu ya kujazwa na mwajiri, na moja ya maswali yake ni tarehe ambayo mfanyakazi aliarifiwa kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo mara nyingi imo kwenye karatasi. Sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu 20 au zaidi katika eneo moja la kazi ndani ya siku 90 aanze mashauriano na wawakilishi wao angalau siku 30 kabla ya mtu wa kwanza kuondoka. Wakifika 100, siku hizo huwa 45. Kumbukumbu za mashauriano hayo zinaweza kuliangusha dai.

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa ambazo mteja hutoa anapokata bima, iliyoanza kutumika Aprili 2013, ilipunguza makali kidogo. Haimlazimu mteja kubuni mwenyewe mambo ya kusema. Wajibu wake ni kujibu kwa uangalifu yale aliyoulizwa. Aliyekosea kwa kutokuwa makini hutendewa kulingana na kile ambacho kampuni ingefanya ingejua ukweli, na kama isingemkatia bima kabisa, hurudishiwa ada zake. Aliyedanganya kwa makusudi hukosa fidia, na ada zake zinaweza kubaki kwa kampuni.

Kufuli ya pili: siku za mwanzo zisizo na kinga

Hata aliyejibu kwa ukweli mtupu hupewa kipindi cha mwanzo ambacho analipa ada lakini hana kinga ya kupunguzwa kazini. Vipindi vya siku 60, 90 na 120 ni vya kawaida. Kampuni haiwezi kupima moyo wa mtu, kwa hiyo inaweka muda mrefu kiasi kwamba aliyenunua kwa sababu ya tetesi atapatwa na jambo lake kabla muda haujaisha.

Kosa kubwa hapa ni kuhesabu kwa siku ya kuondoka kazini. Mikataba mingi huhesabu kwa siku uliyoambiwa. Tuseme bima imeanza tarehe 1 Machi na kipindi ni siku 120, yaani hadi tarehe 28 Juni. Ukiambiwa tarehe 20 Juni kwamba nafasi yako iko hatarini, hulipwi, hata kama siku yako ya mwisho kazini itakuwa 30 Septemba. Ukiambiwa tarehe 5 Julai, una kinga.

Kipindi hiki watu hukichanganya na siku za kungoja, na huo ni mkanganyiko wa gharama. Siku za mwanzo zisizo na kinga huja mara moja tu, bima inapoanza. Siku za kungoja huja kila unapodai: ni muda unaokaa bila kazi kabla fidia haijaanza kuhesabiwa, na wewe ndiye unayechagua urefu wake, kwa kawaida 30, 60, 90 au 180. Ukikubali kungoja zaidi, ada hushuka.

Namna bora ya kuchagua ni kuanza na kiinua mgongo chako. Aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 2 au zaidi ana haki ya malipo ya kisheria anapopunguzwa: nusu ya mshahara wa wiki kwa kila mwaka kamili aliofanya akiwa chini ya miaka 22, wiki moja kwa kila mwaka wa umri wa 22 hadi 40, na wiki moja na nusu kuanzia 41. Miaka inayohesabiwa haizidi 20, na mshahara wa wiki una kikomo ambacho serikali hukirekebisha kila Aprili. Mtu wa miaka 45 mwenye miaka 10 kamili kazini atapata wiki 6 za miaka sita ya kwanza na wiki 6 nyingine za miaka minne baada ya kufikisha 41. Jumla ni wiki 12. Juu ya hapo ana notisi ya wiki 10, kwa kuwa sheria humpa wiki moja kwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi kikomo cha wiki 12. Mtu huyu akinunua bima yenye kungoja siku 30 tu atalipia kinga ya kipindi ambacho tayari kina fedha. Siku 90 zinamtosha. Mwenye mwaka mmoja kazini hana kiinua mgongo cha kisheria na notisi yake ni wiki moja. Huyo ndiye anayehitaji siku chache, asivutwe kuchagua nyingi ili tu apunguze ada.

Angalizo: ukilipwa fedha badala ya kutumikia notisi, kampuni nyingi huanza kuhesabu siku za kungoja baada ya wiki hizo za notisi kwisha. Na fidia hulipwa mwisho wa mwezi unaolipiwa, kwa hiyo kungoja siku 90 kuna maana ya fedha kuingia karibu na siku ya 120. Ipo aina ya mkataba inayorudi nyuma hadi siku ya kwanza ya kukosa kazi. Ada yake ni kubwa zaidi.

Nani halipwi hata baada ya kufuli kufunguka

Anayeacha kazi mwenyewe halipwi. Anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu halipwi. Anayejitokeza kwa hiari mwajiri anapoomba wa kuondoka naye halipwi, na hapa wengi huumia, kwa sababu mwajiri huwavutia kwa kitita kinono bila kuwaambia kwamba saini yao inaua bima. Mkataba wa muda maalumu unapofika mwisho wake, huko si kupunguzwa. Walio kwenye majaribio, wanaofanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki, au ambao hawajatimiza miezi 6 au 12 kwa mwajiri wao, hukataliwa na mikataba mingi. Waliojiajiri huhitaji maandishi maalumu yanayoeleza biashara kufungwa kabisa. Kukosa wateja kwa miezi michache hakutoshi.

Masharti haya yamewahi kutikisa nchi nzima. Benki za Uingereza ziliuza kwa miaka mingi bima ya kulinda marejesho ya mikopo, nyingine kwa wastaafu na waliojiajiri ambao wasingeweza kamwe kudai sehemu ya kupoteza kazi. Benki zililazimika kurudisha zaidi ya pauni bilioni 38 kabla na baada ya mwisho wa kupokea madai, tarehe 29 Agosti 2019. Kwa hiyo soma orodha ya wasiostahili kabla ya kusoma bei.

Pia angalia jina la kitu unachouziwa. Bima ya kipato ya muda mrefu, inayoweza kulipa hadi umri wa kustaafu, kwa kawaida ni ya maradhi na ajali tu. Ile ya kupunguzwa kazini ni ya muda mfupi: fidia hukoma baada ya miezi 12 katika mikataba mingi, na kampuni inaweza kupandisha ada au kuufuta mkataba kwa notisi iliyoandikwa humo. Fidia huwa sehemu tu ya mshahara, mara nyingi kati ya nusu na theluthi mbili, tena yenye kikomo cha pauni kwa mwezi. Bonasi na kazi ya ziada huenda zisihesabiwe. Fidia uliyoilipia ada mwenyewe kwa kawaida haikatwi kodi ya mapato, lakini huhesabiwa kama kipato katika Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na hupunguza msaada huo. New Style Jobseeker's Allowance, posho ya serikali kwa anayetafuta kazi, inayotokana na michango yako ya National Insurance (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kulipwa hadi miezi 6, haiguswi nayo.

Kama umeshachelewa

Bima mpya haitakusaidia kwa kupunguzwa huku, basi usiilipie. Kiasi ambacho kingekuwa ada kiweke akiba kila mwezi. Kisha pekua mikataba ya zamani: mkopo wa nyumba, mkopo wa gari, uanachama wa chama cha wafanyakazi. Bima iliyokatwa miaka mitatu iliyopita na kusahauliwa inaweza kuwa hai. Ukiikuta, usiifute ili uhamie ya bei nafuu wakati tetesi zinaendelea. Kuna kampuni zinazokubali kuhesabu muda wa bima ya awali na kuondoa siku za mwanzo zisizo na kinga, ila swali la ulichokuwa unajua litaulizwa upya siku ya kuhama.

Aliye na bima hai aiarifu kampuni mara apatapo barua, asingoje siku ya mwisho kazini, maana mikataba huweka kikomo cha siku za kuarifu. Atahitaji barua ya mwajiri yenye neno la kupunguzwa na tarehe, hati za mshahara za miezi ya karibuni, mkataba wa kazi na uthibitisho kwamba amejiandikisha kuwa anatafuta kazi. Kila mwezi ataonyesha maombi aliyotuma, hivyo aanze orodha tangu wiki ya kwanza: tarehe, kampuni, nafasi, jibu. Akipata kibarua cha wiki chache, aseme kabla ya kukianza. Mikataba mingine husimamisha fidia na kuiendeleza kibarua kikiisha, mingine huanza kuhesabu siku za kungoja upya.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na nambari ya kifungu kilichotumika, kisha wasilisha lalamiko rasmi. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, au wiki hizo zikipita kimya, lipeleke bila malipo kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha. Miezi 6 ya kufanya hivyo huhesabiwa kuanzia tarehe ya barua ya jibu la mwisho.