Umezima kwa rimoti, lakini uniti bado zinakwenda

Wateja wa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, hutuuliza sana: "Mchana kutwa hatupo nyumbani, televisheni imezimwa, mbona uniti za LUKU zinapungua?" Jokofu lina sehemu yake. Lakini mlaji mwingine mara nyingi tunamkuta sebuleni, naye ni king'amuzi.

Rimoti haikati umeme. Kifaa kinabaki macho kikisubiri kubonyezwa tena. Kiguse king'amuzi alfajiri kabla hakijawashwa. Ukikikuta cha vuguvugu, joto hilo umelilipia. Televisheni mpya hazina tatizo kubwa, nyingi hutumia nusu wati au pungufu zikiwa zimezimwa kwa rimoti. Ving'amuzi vingi hula wati 10 au zaidi, kwa sababu kwa ndani vinaendelea kufanya kazi karibu kama kawaida. Wati 10 kwa saa 20 kila siku ni uniti 6 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, uniti 6 si za kupuuza hata kidogo. Sabufa ya zamani nayo huongeza zake.

Chaja ya simu inasingiziwa bure. Ikiachwa kwenye soketi bila simu, haimalizi hata uniti moja kwa mwezi.

Unaweza kupima mwenyewe. Zima taa zote, chomoa jokofu kwa robo saa, acha vile tu ulivyozima kwa rimoti. Kisha tazama kitaa kinachopepesa kwenye mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni wati-saa moja. Ikipepesa mara 5 ndani ya dakika 15, vifaa "vilivyozimwa" vinakula wati 20. Usisahau kulirudisha jokofu.

Tunashauri televisheni, king'amuzi na sabufa vikae kwenye ekstensheni moja yenye swichi, uizime hiyo unapolala au kutoka. Ila radi za huku ziwani hazizuiwi na swichi: wingu likianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa dishi pia.

Jokofu lisizimwe usiku kwa kubana matumizi. Tunaziona familia zinazofanya hivyo, na sangara aliyeharibika ni hasara kubwa kuliko uniti zilizookolewa.